Anatafutwa Mwanamke Anayeitwa Nzala

"Unaitwa nani vile?"

"Nzala, mama."

"Nani?"

"Nzala."

Mama Erick akaweka kikombe mezani taratibu, kama mtu aliyeona mdudu ndani ya chai. Akamgeukia mwanawe.

"Erick, baba. Dodoma yote hii imejaa kina Debora, kina Elieth, kina Germana, wewe umezunguka weee, ukaona uniletee Njaa?"

Mashoga zake wawili waliokaa sofa kubwa wakaangua kicheko. Mmoja alicheka huku ameshika wigi lisimtoke. Na mjukuu wangu bado kapiga magoti kwenye zulia, maana shikamoo yake ilikuwa haijaitikiwa.

Ndiyo, kwa Kigogo nzala ni njaa. Sasa kama ni njaa ndiyo nini? Mwenye jina kanenepa, ana shavu, ana duka la nafaka pale Majengo. Anayemcheka kavaa wigi.

"Mama Erick," nikasema, "shikamoo ya mtoto umeiitikia?"

"Samahani, bibi. Marahaba. Jina limenikaba."

"Pole. Kunywa maji."

Habibu, rafiki wa Erick aliyekuwa mshenga, akainama kuficha meno. Erick mwenyewe alikuwa anahesabu maua ya pazia.

Tulikuwa tumeitwa Miyuji, nyumbani kwa Mama Erick, kuonwa. Sebule ile ina makochi ambayo hayajatolewa plastiki, ukikaa yanalia. Mimi nimekaa pembeni kabisa, nimebana khanga yangu, nikasema ngoja niwachangamshe hawa watu.

"Kitendawili!"

Kimya. Nyumba nzima ile hakuna aliyefundishwa kusema tega. Habibu peke yake ndiye akaniokoa.

"Tega, bibi."

"Nilivishwa nikiwa nimelala. Nikioga sikivui. Nikifa wanakiandika juu yangu."

"Bibi," Mama Erick akanikata, "hapa hatupo jikoni kwako. Hapa tunaongea mambo ya maana. Kadi zitachapishwa. Wakubwa wa ofisini kwa Erick watasoma. Eti 'Erick na Nzala'! Halafu kanisani mchungaji atasimama atangaze ndoa Jumapili tatu. Mara tatu, bibi! Mara tatu nikae benchi la mbele nisikie njaa inatangazwa kwenye ukoo wangu?"

"Unataka nini, mama?" Nzala akauliza kwa sauti ndogo.

"Badilisha. Jiite Noela, jiite Naomi, mimi sina ubaguzi. Ukishabadilisha, wewe ni mwanangu. Usipobadilisha, chai ile pale, kunyweni muende salama."

Nikamtazama Erick. Kijana mrefu, shati limenyooka, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni hata siku ya Jumamosi. Nikangoja aseme neno.

Kitendawili kingine: nyumba yangu ina mlango mzuri, lakini funguo anazo mama. Jibu lake ni mdomo wa Erick.

*

Kwenye bajaji kurudi Majengo, Nzala hakusema kitu. Mimi nilisema kwa wote wawili.

"Mwanamke gani yule? Anakunywa chai kidole kimesimama kama anaapa mahakamani. Na wale mashoga zake..."

"Bibi, basi."

"Basi nini? Wewe mke mwenzangu umekuwa bubu? Juzi hapo mpiga debe alikuchezea jina, ulimpa maneno mpaka akanunua ulezi asioutaka!"

"Yule simpendi, bibi. Erick nampenda."

Hapo nikageukia nje, nikatazama barabara.

Nitawaambieni walivyokutana, muone kama kuna haki. Duka la mjukuu wangu lina ubao: KWA NZALA. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, karanga. Pale Majengo ukiuliza kwa Debora utapelekwa nyumba nne, na ya tano ni saluni. Ukiuliza kwa Nzala, kila mkono unanyooshea sehemu moja. Erick alikuja siku hiyo kununua mtama. Aliyemtuma ni mama yake, anapenda uji wa mtama. Mtama wa njaa unanyweka, jina lake ndilo linakaba!

Jioni ile ile aliyonunua akaandika ujumbe. Nzala anao mpaka leo, alinionyesha:

"Nimezunguka masoko yote. Majina ya wengine ukiita wanageuka kumi. Jina lako ukiita anageuka mtu mmoja tu. Naomba huyo mmoja awe wangu."

Mimi niliposoma nikasema huyu mwanaume. Kumbe.

Baada ya siku ya Miyuji ukaja ujumbe mwingine:

"Babe mama ana presha usimjibu vibaya. Jina ni jina tu. Tubadilishe yaishe. Tukishaoana nitakuita Nzala chumbani."

"Chumbani!" nikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakashtuka. "Jina limekuwa nguo ya kulalia?"

Nzala alikuwa anachambua karanga. Akaendelea kuchambua.

"Bibi, nikikubali?"

"Ukikubali nini?"

"Kubadilisha. Mimi nampenda. Wenzangu wote niliosoma nao wana watoto. Wewe umezeeka. Nani atanioa mimi, bibi? Kila mwanaume akiniuliza jina anacheka kwanza, ndio ananitongoza. Erick hakucheka."

"Hakucheka. Amemwachia mama yake acheke."

"Bibi."

Akainua macho. Nikaona machozi. Mtoto huyu nimemlea tangu mama yake alipofariki, simwoni akilia kila siku. Nikajua nikimkatalia ataninyamazia mpaka kaburini, na nikimkubalia hivi hivi nitakuwa nimemuuza.

Basi nikakumbuka mila.

"Haya," nikasema. "Vua. Lakini jina si kandambili za kuacha mlangoni. Ukoo wetu jina linakabidhiwa. Atafutwe mwanamke mzima mwenye jina kama lako. Aje kijijini kwetu Buigiri, akunjue viganja, nimwekee unga wa mtama. Aseme nani alimwita hivyo na kwa nini. Halafu aseme, 'Nimelipokea.' Hapo wewe utakuwa huna jina, watakubandika wanalotaka."

"Na asipopatikana?"

"Asipopatikana utabaki nalo. Si nimesema linakabidhiwa?"

Mila hiyo ipo kwetu, sikuitunga. Ila nakubali kwamba nilipoitaja moyo wangu ulikuwa unacheka. Maana nilijua hawapatikani.

Zamani ndiyo walikuwepo. Nilipokuwa msichana, ule mwaka mbaya wa njaa, ukienda kliniki nesi akiita "Nzala!" benchi zima linasimama. Watu walikuwa na sababu yao. Walisema njaa inapita mlango kwa mlango, inabisha. Ikifika kwako ikisikia ndani anaitwa Nzala, inasema hapa nimeshafika, inaenda kwa mwingine. Wakawaita watoto hivyo, wavulana kwa wasichana. Mvua ikanyesha, watoto wakakua, wakaenda mjini, wakakutana na watu wa kuwacheka. Mmoja akawa Nancy. Mmoja akawa Zawadi. Mwingine akaokoka akawa Debora. Lilimalizika hivyo, kama viatu vya mtindo uliopita. Mjukuu wangu nilimpa mimi, mvua zilikuwa zimegoma mwaka ule, na wala sikumuuliza mtu.

*

Simu ikaita. Mama Erick.

"Bibi, nasikia umeweka masharti."

"Si masharti, mama. Mila."

"Mila za kutafuta mtu! Dodoma watu wamejaa mpaka wabunge hawana pa kupanga, wewe unadhani nitamkosa mwenye jina la kishamba?"

"Mtafute, mama. Mimi nipo."

"Nitampata. Na uandae huo unga wako."

Alimtuma Erick. Kijana mwenye shahada, anazunguka na pikipiki ya kukodi kutafuta mtu anayeitwa Njaa. Habibu ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka anashika mbavu. Kwanza Erick aliandika kwenye kundi la watu wa mtaa wao:

"Habari wapendwa. Anatafutwa mwanamke mtu mzima anayeitwa Nzala. Ni kwa wema."

Wakamjibu.

"Mimi sina jina hilo ila ninayo hiyo yenyewe, tuma chochote."

"Nenda bwenini chuoni mwisho wa mwezi utawakuta wote."

"Erick kaka mambo ya waganga haya, rudi kanisani."

Akaenda Chamwino, akaenda mpaka Mvumi. Akaelekezwa kwa mama mmoja mwenye duka la dawa. Akaingia kwa adabu.

"Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Nzala?"

Yule mama akatazama wateja, akatazama kijana.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama, ni..."

"Mimi Nancy! Soma leseni ukutani! Nancy! Toka!"

Mwingine alikana huku mume wake anaitikia, "Ndiyo huyo huyo!" Wakaanza kugombana wenyewe, Erick akaondoka kinyumenyume.

Mimi kila habari ikifika nafua nguo zangu naimba. Nzala ndiye hakuimba. Alikuwa anaangalia ule ubao wake wa dukani kama mtu anayeaga.

Wiki ikapita, simu ikaita tena.

"Bibi," Mama Erick akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa sukari. "Tumempata. Jumamosi tunakuja."

Simu karibu inidondoke.

"Mmempata wapi?"

"Mungu ni mwema. Wewe andaa unga."

Nikamwambia Nzala. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Basi, bibi. Ndivyo Mungu alivyopanga."

Nikamwona anapitisha kidole kwenye herufi za ubao, N, Z, A, taratibu, kama anamfuta mtoto uso.

*

Jumamosi wakaja Buigiri kwa gari mbili. Mama Erick mbele, kilemba kimesimama kama paa la kanisa. Nyuma mashoga zake, Erick, Habibu, na mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani.

"Huyu ndiye Nzala mwenzio," Mama Erick akasema.

"Karibu, wajina," mjukuu wangu akamwambia, akampigia magoti.

"Asante, mdogo wangu," yule akajibu. Kucha zake ndefu, nyekundu. Nikasema haya, huenda wenye jina letu siku hizi wanapaka.

Tukakaa uani. Unga upo kwenye kibuyu. Nikawa nasimama kuanza, pikipiki ikaingia, mzee kashuka, koti kubwa, miguu yote vumbi, mkononi kashika kuku.

Mama Erick akabadilika sura.

"Erick! Nani kamwita huyu?"

"Mimi, mama. Si mjomba? Posa gani isiyo na mjomba?"

"Nilikuambia nitamwambia mwenyewe!"

"Ulisahau. Nikampigia."

Alikuwa Mzee Augustino, kaka yake mkubwa Mama Erick, anaishi ndani huko Kongwa. Erick alimfahamu kwa simu na kwa magunia ya karanga anayowatumia. Miyuji alikuwa hajawahi kukaribishwa, na sasa nilianza kujiuliza kwa nini.

"Shikamooni wenye mji! Nina njaa kweli," mzee akasema, na sisi wenyewe tukacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukamkalisha pembeni, tukampa ugali na mlenda. Akainamia sahani, hakutaka habari ya mtu.

"Tuendelee," Mama Erick akahimiza. "Haraka, bibi, tuna mambo mengi."

Nikamgeukia yule wa kucha nyekundu.

"Dada, kabla sijakuwekea unga. Nani alikuita Nzala?"

"Baba."

"Kwa nini?"

Akamtazama Mama Erick. Mama Erick akatazama mbingu.

"Kwa sababu... tulikuwa na njaa."

"Njaa ipi?"

"Ile ya... ya mchana."

Habibu akakohoa vibaya sana. Majirani zangu waliokuja kutazama wakaanza kugongana viwiko. Mjukuu wangu akainua kichwa.

"Dada, mimi nauliza vizuri," nikasema. "Walikuita njaa ili iwe nini?"

"Ili... nile sana?"

Hapo ndipo nyuma yetu ikasikika sauti ya mtu aliyeshiba.

"Nzala! Maji ya kunawa."

Mjukuu wangu akainuka haraka, akachukua jagi. Mzee Augustino akampungia mkono wenye ugali.

"Kaa, mama, usihangaike, wewe ni mwenyeji wangu. Namwita mdogo wangu. Nzala! Husikii? Wewe mwenye kilemba!"

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Erick. Hata yule kuku aligeuza shingo.

"Kaka," Mama Erick akasema kwa meno, "umechoka safari."

"Nimechoka kweli, ila jina lako sijalisahau. Umeniacha na mkono mchafu kwa nini?"

"Mjomba," Erick akasimama. "Mama anaitwa Emilia."

"Emilia ni jina alilopewa Morogoro, kwa shangazi. Mimi nilikuwepo anazaliwa. Mama yetu alimwita Nzala kabla hajakatwa kitovu. Alisema njaa ikibisha mlangoni ikute nafasi imeshajaa. Na ikapita! Nyumba ya jirani waliondoka watoto wawili mwaka ule. Kwetu hakuondoka mtu." Akamtazama yule wa kucha nyekundu. "Na huyu ni nani?"

Yule akainuka, akaanza kujikung'uta.

"Mimi Anitha, mzee. Mpangaji wa uani kwake. Aliniambia nikubali kila kitu nitapewa chumba cha mbele. Mimi sikujua kuna maswali."

Mmoja wa wale mashoga akafunika mdomo. Mwingine, yule wa wigi, akasema polepole lakini tukasikia wote:

"Ha! Shoga. Kumbe njaa ni wewe?"

Mimi hapo sikuwa na huruma hata ya kulamba. Nikachukua kibuyu, nikamwendea.

"Nzala mkubwa. Kunjua viganja."

"Bibi, tusifanye hivyo."

"Tufanye vipi? Ulitaka mwenye jina. Amepatikana, na hukuhitaji kukodi pikipiki. Kunjua viganja, sema aliyekuita, sema kwa nini, sema 'nimelipokea'. Mjukuu wangu avuliwe leo, umwite Naomi. Hutaki?"

Hakukunjua. Aliikaza mikono yake kwenye magoti, pete zikagongana. Akitaka mkwe asiitwe Nzala, lazima yeye aitwe, mbele ya mashoga zake na kijiji. Akikataa kuitwa, mkwe anabaki Nzala. Mimi sikumtegea. Alijitegea mwenyewe tangu siku ile ya chai.

"Mama, ni kweli?" Erick akauliza.

Ndipo akaanza kulia, na kilemba kikaanza kuegama.

"Mnajua nyie nini? Nilipelekwa Morogoro nina miaka saba. Mwalimu akiita jina langu darasa zima wanapiga matumbo kama ngoma. Kila siku! Wakati wa kula wananiambia we kaa nje, ukiingia chakula kitaisha. Nikaapa hakuna mtu atakayeniita tena. Hakuna! Halafu mwanangu, mwanangu wa pekee, ananiletea lile jina limepiga magoti sebuleni kwangu!"

Majirani wakaanza kumwonea huruma. Watu wepesi sana. Mimi nikamwambia:

"Walikufanyia ubaya, nakubali. Lakini wewe ulichofanyiwa ulikitunza vizuri, ukakikunja, ukamwekea mtoto wa mwenzio. Ulipigiwa matumbo, ukaja kumpigia huyu. Na chai juu."

Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mjukuu wangu akaja, akanitoa kibuyu mikononi. Akaurudisha unga ndani ya mfuko, hata chembe haikumwagika. Akamgeukia Erick.

"Jina langu silitoi, Erick."

"Sawa. Sawa, mpenzi, hakuna shida."

"Niite, basi."

"Nini?"

"Niite jina langu. Hapa, mbele ya watu. Si chumbani."

Jamani. Ni silabi mbili. Mtoto anayeanza kusema angeziweza. Erick akafungua mdomo. Macho yakaenda kwa mama yake. Mama yake alikuwa anafuta kamasi, wala hakumtazama, lakini funguo ni zake.

Mdomo ukafungwa.

"Nimeelewa," Nzala akasema. "Mjomba, karibu maji ya kunawa."

Akammwagia mzee maji mikononi, akaingia ndani, akafunga mlango.

*

Alirudi dukani Jumatatu. Simu ya Erick ikiita anaipindua uso chini juu ya gunia la uwele. Ujumbe ulikuja mwingi:

"Naomba nikuelezee."

"Nilishtuka tu."

"Nimehama kwa mama nimepanga Ipagala."

"Nisamehe."

Hakujibu hata mmoja. Nilimwona anakonda. Nikamshauri amjibu japo tusi, moyo upumue. Hakutaka.

Halafu siku moja saa za soko kuchemka, wapagazi wanapishana na magunia, nikamwona Erick amesimama kwenye foleni ya duka. Foleni! Mbele yake wanawake watano, na yeye hakumwomba mtu ampishe. Kitambulisho hana shingoni, jasho linamtiririka.

Zamu yake ikafika. Mjukuu wangu akachukua kipimo kama anamhudumia mtu asiyemjua.

"Nikupimie nini, kaka?"

"Mtama."

"Kiasi gani?"

"Nimesahau aliyenielekeza alisema duka la nani."

"Soma ubao."

Akageuka. Akasimama katikati ya njia, mpagazi akamtukana, hakusogea. Akaita kwa sauti ya mtu anayeuza mnada:

"Nzala!"

Soko likageuka. Muuza nyanya akaacha nyanya.

"Nzala! Nzala wa Majengo! Mimi Erick nilikuwa mjinga, na kama kuna mtu anataka kucheka anicheke mimi, asilicheke jina!"

Wakacheka. Walimcheka sawasawa, hasa wapagazi, wakapiga na mluzi. Yeye akasimama pale pale, masikio yamemwiva, akaita tena. Mimi niliyekuwa napepeta ulezi nikaona aibu kwa niaba yake, na kidogo sana, kama chumvi ya kuonjea, nikampenda.

Nzala akauma mdomo wa chini. Namjua, alikuwa anazuia kicheko.

"Umemaliza?"

"Bado. Nataka kukuoa."

"Mama yako je?"

"Atakuja au hatakuja. Mjomba Augustino atasimama."

"Hapana," Nzala akasema. "Mimi siolewi kwa kumkimbia mtu. Ndoa itangazwe kanisani kwenu, Jumapili tatu, kwa jina langu. Na mama yako akae benchi la mbele. Asikie. Akishindwa kukaa, kila mtu ashike njia yake."

"Nikimwambia hivyo..."

"Umeshajifunza kuita. Sasa kajifunze kusema."

Alienda. Alichomwambia mama yake sikijui, na Habibu naye hakujua, kwa hiyo kilikuwa kizito. Nilijua kimoja tu: nilikuwa nimeweka kichwani kwamba yule mwanamke hatatokea, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu ya kumwambia mjukuu wangu.

*

Jumapili ya kwanza nilikwenda. Nilivaa khanga yangu nzuri, nikakaa nyuma ya wote nione vizuri. Erick yuko upande wa wanaume. Nzala pembeni yangu, mikono baridi kama mtungi.

Benchi la mbele lilikuwa tupu.

Wimbo ukaimbwa, bado tupu. Sala ikasomwa, bado tupu. Nzala akaanza kukunja kitambaa chake, akikunjua, akikunja.

Mchungaji akavaa miwani, akachukua karatasi ya matangazo. Mlango wa nyuma ukalia. Mama Erick akaingia. Hana kilemba, kafunga kitambaa tu cha kawaida, na uso haujapakwa kitu. Akapita katikati ya watu wote, viatu vikigonga sakafu, akakaa benchi la mbele peke yake.

"Ninatangaza kwa mara ya kwanza ndoa," mchungaji akasoma, "kati ya Erick..."

Nzala akanishika mkono mpaka mifupa ikalia.

"...na Nzala."

Kwenye benchi la pili, mtu akacheka. Kicheko cha puani, kile cha kujifanya unapiga chafya. Nikanyoosha shingo: alikuwa yule shoga wa wigi.

Mama Erick akageuka. Mwili wote. Akamtazama kwa dharau ambayo, nawaambia ukweli, hata mimi ilinifunza kitu.

"Unacheka nini?" akauliza kwa sauti, hadi wanakwaya walisikia. "Hata mimi naitwa hivyo. Nzala. Niliitwa na mama yangu. Cheka tena."

Hakucheka tena. Alitafuta ukurasa kwenye kitabu chake cha nyimbo, na kitabu kilikuwa juu chini.

Msidhani nimemsamehe kwa siku moja. Mimi si mwepesi kama majirani zangu, na ile plastiki ya makochi yake bado inanilia masikioni. Lakini tulipotoka nje alikuja, akasimama mbele ya mjukuu wangu, akahangaika na mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Habari za asubuhi, wajina," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliitikia mara moja, bila kukabwa na kitu.

Jumapili ya pili hakucheka mtu.